Msaada: sarafu nyembamba ya fedha, malkia na ua nyuma ya kichwa, mwaka hausomeki

FundiSaa_Arua

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi saa hapa Arua. Sarafu si kazi yangu, ila kwa kuwa nina lenzi na mizani ndogo, kila kitu kidogo cha chuma mtaani huishia mezani kwangu. Wiki iliyopita mama mmoja mjane aliniletea kopo la maziwa ya unga la marehemu mumewe, aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu huko Entebbe kabla ya uhuru. Limejaa sarafu. Anataka nimsaidie kujua kilichomo kabla wale wanunuzi wa vyuma chakavu hawajalibeba kwa bei ya kilo.

Nyingi nazijua: senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za simba za George wa Sita, rupia chache za India. Moja ndiyo imenishinda. Ni ya fedha, nyembamba kiasi kwamba ukiikunja kwa vidole nahisi itakubali (sijaikunja!). Uzito gramu 2.71. Upana milimita 26 ukipima huku, 25 ukipima kule, maana si duara kamili, na upande mmoja ukingo umeingia ndani hadi kwenye herufi. Kuna mwanamke mwenye taji anatazama kushoto, na nyuma ya kichwa chake kuna ua. Upande wa pili kuna ngao juu ya msalaba mrefu unaofika hadi kwenye ukingo. Juu ya ngao kuna namba: 15, halafu kitu kimelika kabisa, halafu 4 au 5. Herufi ninazosoma ni ELIZAB, kisha D G ANG FR ET, nyingine zimefutika. Penye mwanzo wa maandishi kuna kialama kidogo ambacho naona kama ua pia, dogo kuliko lile la nyuma ya kichwa.

Jirani yangu anayeuza vito ananihimiza niisugue kwa ndimu na majivu ili mwaka uonekane. Nisugue?

Mjomba_Soroti

Fundi, ELIZABETH si yule malkia aliyekuja kufungua bwawa la Jinja? Babu yangu alipelekwa na shule kupunga bendera. Hiyo 15 labda ni namba ya kiwanda. Uza, ule nyama.

Karani_Mstaafu_Jinja

Fundi, weka hiyo ndimu kwenye samaki. Usisugue. Nitarudi hapo.

Mjomba, aliyefungua bwawa la Owen Falls mwezi wa nne 1954 ni Elizabeth wa Pili. Nilikuwapo pia, mtoto mdogo, na sikuona kitu isipokuwa migongo ya watu. Huyu wa fundi ni Elizabeth wa Kwanza, binti wa Henry wa Nane, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603. Hiyo 15 ni mwanzo wa mwaka. Kati ya malkia hawa wawili kuna karne nzima nzima za wafalme.

Sasa tusome sarafu yenyewe. Nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la benki nikihesabu fedha za watu, na tangu nistaafu nasoma za nyumba ya Tudor, ukoo wa kifalme wa malkia huyu, kwa sababu zinasomeka hata zikiwa zimechakaa, ukijua pa kutazama.

Anza na ua la nyuma ya kichwa. Ni waridi, na limewekwa pale kwa kazi maalumu. Sarafu za fedha za Elizabeth hazikuandikwa thamani yake. Mwaka 1561 serikali yake iliongeza sarafu mpya za peni sita, peni tatu, peni moja na nusu, na robo tatu ya peni, zikae katikati ya zile zilizokuwapo: shilingi, peni nne, peni mbili na peni. Watu wangezichanganya, kwa hiyo hizo nne mpya zikapewa waridi nyuma ya kichwa na mwaka juu ya ngao, na nyingine hazikupewa. Ukizipanga kwa ukubwa zinapishana: shilingi haina, peni sita inalo, peni nne haina, peni tatu inalo, hivyo hivyo hadi chini. Hata mtu asiyejua kusoma hakuibiwa sokoni. Mimi huona huo ni ubunifu mzuri kuliko noti zetu nyingi. Na ile ya robo tatu ya peni ilikuwa na akili ya pekee: unatoa peni, unarudishiwa robo tatu, umelipa robo peni bila mtu kulazimika kugonga sarafu ya fedha ndogo isiyoshikika.

Yako ina waridi na mwaka, kwa hiyo ni mojawapo ya hizo nne. Uzito unamaliza ubishi. Peni sita ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 3.1 hivi, peni tatu nusu ya hapo. Gramu 2.71 na milimita 26 ni peni sita iliyochoka. Nusu shilingi, sumuni ya wakati wake.

Kwa nini si duara? Kwa sababu iligongwa kwa nyundo. Muhuri mmoja ulikitwa kwenye gogo, kipande cha fedha kikalazwa juu yake, mfanyakazi akashika muhuri wa pili kwa mkono na kuugonga kutoka juu. Kipande chenyewe kilikatwa kwa mkono, ndiyo maana ukingo una umbo la chapati ya haraka. Ndiyo maana pia picha ya upande mmoja inaweza kukaa katikati na ya pili ikahama, au herufi zikajirudia kivuli pale nyundo iliporuka. Usihesabu hayo kuwa kasoro. Ule ukingo ulioingia hadi kwenye herufi ni jambo jingine, hapo huenda kuna mtu aliyepunguza fedha kwa mkasi, akabaki na vipande vya kuyeyusha, akaitumia sarafu kwa thamani ile ile. Mchezo huo ulihesabiwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Waliendelea nao.

Maandishi: ELIZABETH D G ANG FR ET HIB REGINA, yaani Elizabeth, kwa neema ya Mungu, Malkia wa Uingereza, Ufaransa na Ireland. Ufaransa! Calais, kipande chao cha mwisho kule, kilipotea Januari 1558, miezi kadhaa kabla hajakalia kiti. Lakini cheo kilibaki kwenye fedha, na kwenye ngao utaona maua ya Ufaransa yakipishana na simba wa Uingereza katika vyumba vinne. Upande wa ngao tafuta POSVI DEV ADIVTOREM MEV, nimemfanya Mungu kuwa msaidizi wangu. V inasomwa U, usishangae.

Tumebaki na mwaka, na hapo kile kialama chako kidogo ndicho shahidi. Kiwanda cha mnara wa London kilibadilisha alama hiyo kila baada ya muda. Baadhi ya sarafu za kila kipindi ziliwekwa kwenye sanduku, kisha zikapimwa mbele ya majaji kuona kama fedha ni safi na uzito haujapungua. Alama ilionyesha sarafu ni ya kipindi gani, ili ikipatikana mbovu, msimamizi ajulikane. Sisi leo tunaitumia kama kalenda.

Namba yako ya tatu imelika, basi tujaribu zote. 5 haiwezekani: 1554 na 1555 ni miaka ya malkia Mary, aliyemtangulia Elizabeth, na mumewe Philip, na kwenye shilingi na peni sita zao kuna vichwa viwili vinatazamana. Kwa Elizabeth, 1564 ina ncha ya mshale. 1565 ina ncha ya mshale au waridi. 1574 ina tunda la mwaloni au waridi mwitu lenye petali tano. 1575 ni huyo waridi mwitu peke yake. 1584 ni herufi A au kombe la baharini, 1585 kombe. 1594 na 1595 utakuta pipa, robota la sufu, na mwishoni ufunguo. Wewe unasema unaona ua. Kama ni ua kweli, zimebaki 1565, 1574 na 1575.

Ua kwa ua utabishana na lenzi yako hadi usiku. Afadhali utafute namba ya tatu. 6 ina tumbo chini, 7 ina mguu. Funga mlango, washa tochi ya simu uilaze ubavuni kabisa mwa sarafu, usimulike kutoka juu, kisha uizungushe sarafu polepole. Kivuli kitakuonyesha ambacho ndimu ingekifuta.

Aisha_Bombo

Shikamoo Mzee Karani. Mimi nina swali na ubishi kidogo. Kwetu Bombo fedha za bibi zetu tunazisafisha tangu zamani, vikuku na pete, na hazijafa. Kuna njia ya magadi na maji ya moto juu ya karatasi ya alumini, haisugui chochote. Kwa nini sarafu ikae nyeusi?

Pili, tunajuaje kwamba si ya bandia? Hizi picha za malkia huuzwa mpaka kwenye maduka ya makumbusho huko Ulaya. Huyo Mzungu wa Entebbe anaweza kuwa alinunua kumbukumbu tu ya safari.

Karani_Mstaafu_Jinja

Marahaba mwanangu. Kikuku kinavaliwa, kikisafishwa kinarudi mkononi, na anayekitazama anatazama uzuri. Sarafu inatazamwa kwa kina cha herufi ambazo zimebaki na unene wa karatasi. Ndimu inakula, majivu yanakwaruza, na hapo ndipo mguu wa 7 unapoondoka. Njia yako ya alumini haikwaruzi, nakubali, lakini inaacha fedha ya miaka mia nne ikiwa nyeupe kama imetoka kiwandani jana, na mkusanyaji akiiona hivyo anarudisha mkono mfukoni. Weusi ule pia ni ushahidi kwetu: ukikaa sawasawa mashimoni mwa herufi, ni wa miaka. Ikiwa ina udongo, maji safi tu na kuikausha kwa kuigusa kwa kitambaa laini.

Kuhusu bandia, umeuliza la maana. Ziko za aina mbili. Za zamani, zilizotengenezwa na wahalifu wa siku zile zile, kwa kawaida shaba iliyovikwa fedha. Hizo sasa zina watu wanaozikusanya kwa mapenzi. Na ziko za leo, za kumiminwa kwenye umbo. Za kumiminwa zina vitobo vidogo vya hewa kwenye uso, herufi zake zina mabega laini, na ukingoni mara nyingine kuna mstari wa mshono uliopigwa tupa. Nakala za dukani nyingi ni za bati, na baadhi zimeandikwa COPY. Fundi ana lenzi, ataona.

Lakini kipimo ninachokiamini ni cha maji. Fundi, mizani yako inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, vizuri. Weka kikombe chepesi cha maji juu yake, uirudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kando, futa viputo vya hewa. Namba itakayosoma ni ujazo wa sarafu. Gawa 2.71 kwa hiyo namba. Fedha yao ilikuwa 92.5 kwa mia na inatoa 10.3 hivi, kwa hiyo mizani isome 0.26 au 0.27. Shaba ingesoma 0.30. Bati ingesoma 0.37. Tofauti ni ndogo, rudia mpaka uridhike.

Mjomba_Soroti

Haya mzee nimekoma, huyu si wa bwawa. Lakini nina swali la pesa. Nimetafuta kwenye intaneti nikaona zile za yule mfalme mnene mwenye ndevu, Henry, nyingine mbaya mbaya, nyekundu usoni, lakini bei yake inapita hizi za malkia. Inakuwaje uchafu uwe ghali kuliko fedha safi?

Karani_Mstaafu_Jinja

Mjomba, umegusa hadithi ninayoipenda kuliko zote, jikaze.

Henry wa Nane alikuwa na vita na Ufaransa na Scotland na hazina haikutosha. Kuanzia 1544 akaanza kuchanganya shaba waziwazi kwenye fedha. Kabla hajafa 1547 sarafu zake zilikuwa na fedha theluthi moja tu. Uso wake ulichorwa ukitazama mbele, pua ndiyo sehemu iliyoinuka, kwa hiyo ndiyo iliyolika kwanza, na ngozi ya fedha ikitoka pua inabaki nyekundu. Watu wakamwita mzee wa pua ya shaba. Huo wekundu ulioona ndio huo.

Akaja mwanawe Edward wa Sita, mtoto wa miaka tisa, na waliomtawalia wakaendelea kushuka hadi, mwaka 1551, shilingi yenye robo tu ya fedha. Mwaka huo huo wakatangaza kwamba shilingi ya peni kumi na mbili sasa ni peni tisa, na kabla watu hawajapumua, peni sita. Fikiria umeuza ng'ombe mwezi wa sita. Baadaye mwaka huo wakageuka na kugonga fedha nzuri tena, ile yenye uso wa Edward ukitazama mbele, waridi upande mmoja na XII upande mwingine. Ukiikuta hiyo kwenye kopo, nipigie saa yoyote ya usiku.

Aliyefagia uchafu wote ni huyu malkia wa fundi. Mwaka 1560 na 1561 alizirudisha zile mbovu kiwandani ziyeyushwe. Kabla ya hapo, shilingi za Edward ziligongwa mihuri midogo kutenganisha mbaya na mbaya zaidi: zenye lango la ngome zihesabiwe peni nne na nusu, zenye mbwa wa kuwinda peni mbili na robo. Zenye mihuri hiyo ni adimu sana leo. Kwa hiyo jibu lako: picha nzuri ya Henry ni chache kwa sababu zilichakaa upesi na nyingi ziliyeyushwa, na mtu anayetaka uso wake lazima alipe. Peni sita za Elizabeth zilitengenezwa nyingi kwa miaka arobaini, na wakulima wa Uingereza wanaziokota mashambani hadi leo. Iliyochakaa kama ya fundi huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu. Si nyumba, lakini si bei ya kilo.

Na jambo moja ambalo huwachekesha wajukuu wangu. Fundi, toa ile shilingi ya simba ya George wa Sita, zile zilizogongwa hadi 1946. Babu zetu walilipwa pamba kwa hizo. Fedha iliyomo ni robo, 250 kwa elfu, sawasawa na ile shilingi mbovu ya 1551 waliyoilaani Waingereza wenyewe. Kisha kuanzia 1948 hata hiyo robo ikaondolewa.

Aisha_Bombo

Mzee, umenifanya niende kufungua sanduku la mama. Shilingi ya 1942 ninayo mkononi. Kumbe.

Fundi, kama unataka picha za kulinganisha, kuna hazina ya wazi ya mtandaoni inayoandika vitu vinavyookotwa Uingereza na Wales, Portable Antiquities Scheme. Ina peni sita za Elizabeth kwa maelfu, zilizochakaa kama yako, si zile nzurinzuri za minada zinazomdanganya mtu. Chagua mwaka mmoja mmoja ulinganishe alama.

FundiSaa_Arua

Nimerudi. Umeme ulikatika jana usiku, kwa hiyo giza nililipata bure. Tochi ubavuni: namba ya tatu ina mstari wa juu na mguu ulioinama, hakuna tumbo lolote. Nimemwita hata jirani wa ndimu atazame, amesema 7 kabla sijamwambia kitu. Namba ya mwisho bado inanichezea. Nikizungusha huku naona pembe ya 4, nikizungusha kule naona kama mgongo wa 5.

Maji: 0.26 mara nyingi, mara moja 0.27. Ukingo hauna mshono, na vitobo sijaviona. Alama ina petali tano, nimelinganisha na picha alizosema dada Aisha, ni waridi mwitu. Mama mwenye kopo nimemwambia asiuze kwa kilo. Ameniuliza kama ni ya Yesu, nikamwambia si ya zamani kiasi hicho.

Mzee, niandike mwaka gani?

Karani_Mstaafu_Jinja

Vizuri sana fundi. Tafuta bahasha ndogo ya karatasi. Usitumie vile vifuko vya plastiki laini vinavyonuka, vinatoa majimaji ya kijani kwenye fedha. Andika kabla hujaitia ndani, kalamu isiikandamize: Elizabeth wa Kwanza, peni sita, London, waridi mwitu, 1574 au 1575, gramu 2.71, ukingo umepungua. Usichague mwaka mmoja kwa sababu mnunuzi anapenda kusikia mmoja. Anayeijua ataipiga picha na kuamua mwenyewe, na akikuta umeandika 1574 kwa nguvu huku yeye anaona mgongo wa 5, hatakuamini hata kwenye uzito. Na andika kwamba ilikuwa ya mpishi wa Entebbe, jina la marehemu libaki kwa familia.

Sasa zile rupia. Miaka yake ni ipi?